Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Baraza la Wawakilishi la Minnesota

Wengi wetu tunaoishi Minnesota na kuzungumza Kiswahili tunamfahamu Rais kwa jina, gavana pia, lakini ukituuliza anayetuwakilisha pale Saint Paul tunaanza kutazamana. Majibu haya ni kwa Mkenya wa Brooklyn Park, kwa Mkongo, Mrundi au Mtanzania aliyefika juzi, na kwa kijana aliyezaliwa hapa ambaye wazazi wake humuuliza mambo ya siasa asijue aanzie wapi.

Baraza hili ni nini hasa?

Bunge la jimbo la Minnesota lina nyumba mbili. Ya juu ni Seneti, yenye maseneta 67. Ya chini ni Baraza la Wawakilishi, lenye wajumbe 134. Hesabu hiyo ni rahisi kuishika: kila wilaya ya seneta imegawanywa mara mbili, A na B, na kila nusu ina mwakilishi wake. Ukisikia "38A" au "34B", ndiyo maana yake.

Wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, wote 134 kwa mpigo. Seneta kwa kawaida hukaa miaka minne. Kwa hiyo mwakilishi hana nafasi ya kuwasahau wapiga kura wake: akimaliza kuapishwa, uchaguzi mwingine uko karibu. Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2020, kila mwakilishi anabeba watu wapatao 42,600. Ni idadi ndogo. Mtu mwenye nia anaweza kumpata mwakilishi wake na kuzungumza naye ana kwa ana, jambo ambalo ni gumu sana kwa mbunge wa Washington.

Si ndiyo Congress hiyo hiyo?

Hapana, na hapa ndipo wengi huchanganya. Congress iko Washington na inashughulikia mambo ya nchi nzima: viza, green card, uraia, vita, ushuru wa forodha. Minnesota ina viti 8 tu katika Baraza la Wawakilishi la Congress. Ukimwendea mwakilishi wa jimbo umwombe amharakishie shemeji yako viza, atakusikiliza kwa adabu, lakini hana mamlaka hayo.

Mamlaka aliyo nayo yanagusa maisha ya kila siku kuliko tunavyodhani. Mwaka 2023 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya chakula cha bure shuleni kwa kila mtoto, asubuhi na mchana, bila kuuliza kipato cha mzazi. Mwaka huo huo likapitisha sheria ya leseni ya udereva bila kujali hali ya mtu ya uhamiaji, ikaanza kutumika Oktoba 1, 2023. Aliyekuwa akiendesha gari kwenda kazini usiku huku moyo unadunda kila akiona taa za polisi anajua sheria hiyo ilimaanisha nini. Pia watu waliotoka gerezani wakarudishiwa haki ya kupiga kura bila kungoja kipindi cha uangalizi kiishe. Kodi ya jimbo, fedha za shule, barabara, nyumba za wazee, mishahara ya wanaowahudumia: yote hayo hupita mikononi mwa hawa 134.

Kuna tofauti gani ya kazi kati ya Baraza na Seneti?

Ndogo. Miswada ya kuongeza mapato ya serikali lazima ianzie Baraza la Wawakilishi. Seneti ndiyo huthibitisha wateule wa gavana. Mengine karibu yote ni sawa: mswada haupiti mpaka nyumba zote mbili ziukubali kwa maneno yale yale.

Kila mara nasikia watu wakitaja "68". Ni nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana ukilielewa umelielewa Baraza zima.

Nusu ya 134 ni 67. Katiba ya Minnesota inataka mswada upate kura za zaidi ya nusu ya wajumbe wote waliochaguliwa, hata kama wengine hawapo ukumbini siku hiyo. Kwa hiyo 68 ndiyo namba ya kupitisha sheria. Kura 67 kwa 10 hazitoshi.

Novemba 2024 wananchi walipiga kura na matokeo yakawa Warepublican 67 na wanachama wa DFL 67. (DFL ndilo jina la chama cha Democrats hapa Minnesota, tangu walipoungana na chama cha wakulima na wafanyakazi mwaka 1944.) Hakuna aliyefika 68. Kabla ya hapo, miaka ya 2023 na 2024, DFL walikuwa 70 kwa 64, ndiyo maana sheria zile nilizozitaja zilipita.

Kisha mambo yakazidi kukaza. Katika wilaya ya 40B, upande wa Roseville, mshindi wa DFL, Curtis Johnson, alishtakiwa kwamba haishi ndani ya wilaya. Alikuwa amekodi nyumba humo, lakini jaji alipopima ushahidi akaona makazi yake halisi hayakuwa hapo, na Desemba 2024 akaamua kwamba hana sifa. Johnson akakiachia kiti. DFL wakabaki 66 dhidi ya 67.

Baraza lilipofunguliwa Januari 14, 2025, wana DFL hawakuingia ukumbini. Hoja yao ilikuwa kwamba bila watu 68 hakuna akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo, na bila akidi hakuna kikao. Waziri wa Jimbo, Steve Simon, ambaye kisheria ndiye huongoza kikao cha kwanza, alihesabu waliopo, akaona 67, akatangaza kwamba akidi haijatimia. Warepublican wakaendelea hata hivyo, wakamchagua Lisa Demuth kuwa Spika. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu ya jimbo, na Januari 24 majaji wakasema akidi ni 68. Yote yaliyofanywa kwa wiki hizo yakawa hayana nguvu.

Mwafaka ulipatikana mwanzoni mwa Februari. Demuth akakubaliwa na pande zote kuwa Spika kwa miaka miwili, na ni mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho Minnesota. Uchaguzi mdogo wa 40B ukafanyika Machi 11, David Gottfried wa DFL akashinda, hesabu ikarudi 67 kwa 67, na kamati karibu zote zikawa na wenyeviti wenza, mmoja kutoka kila upande.

Kura moja kweli ina uzito?

Angalia wilaya ya 54A, Shakopee, katika uchaguzi huo huo. Brad Tabke wa DFL alishinda kwa kura 14. Baadaye ikagundulika kwamba kura 20 zilizopigwa mapema hazikuhesabiwa. Karatasi zenyewe hazikupatikana, na inaaminika zilitupwa pamoja na bahasha zake. Ishirini ni nyingi kuliko kumi na nne, kwa hiyo mpinzani wake akaenda mahakamani.

Wapiga kura sita kati ya wale ambao kura zao zilipotea walisimama mbele ya jaji, wakaapa, wakasema walimpigia Tabke. Fanya hesabu: ukiwapa hao sita kwa Tabke, mpinzani anabakiwa na 14 kwa juu kabisa. Hata akizipata zote, Tabke bado yuko mbele kwa sita. Jaji akaamua ushindi ni wake. Watu sita wa kawaida, waliokubali kutoa siri ya kura yao mbele ya mahakama, ndio waliotia muhuri kiti kile, na kiti kile kilikuwa kimoja kati ya vile 67. Kama kingekwenda upande wa pili, Baraza lote lingekuwa na sura nyingine.

Jamii yetu peke yake ina harusi zenye watu wengi kuliko tofauti ya kura za Shakopee. Nalisema hili kila nipatapo nafasi.

Sare kama hii iliwahi kutokea kabla?

Ndiyo, mwaka 1979. Wakati huo pia ilikuwa 67 kwa 67. Rod Searle wa upande wa Republican akawa Spika, na DFL wakapewa wenyeviti wa kamati muhimu. Viongozi wa 2025 walikuwa na mfano huo wa kuutazama.

Nini kilimpata Melissa Hortman?

Melissa Hortman alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 2004, akaiwakilisha 34B yenye sehemu za Brooklyn Park, akawa Spika kuanzia 2019 hadi mwanzo wa 2025, kisha akaongoza DFL wakati wa sare. Usiku wa kuamkia Juni 14, 2025, mtu aliyejifanya askari polisi alimuua yeye na mumewe Mark nyumbani kwao. Usiku huo huo Seneta John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi nyumbani kwao, Mungu akawanusuru.

Wengi wetu tunaishi mitaa ile. Tulipigiwa simu alfajiri tuambiwe tusifungue mlango kwa mtu yeyote.

Siku chache kabla, Juni 9, Hortman alikuwa amepiga kura iliyomuumiza. Katika makubaliano ya bajeti, Warepublican walidai watu wazima wasio na hati za uhamiaji waondolewe kwenye bima ya afya ya MinnesotaCare, watoto wabaki. Bila mswada huo bajeti isingepita na serikali ya jimbo ingefungwa. Mswada ulihitaji 68. Warepublican wote 67 waliunga mkono. Ya 68 ilikuwa ya Hortman, peke yake kutoka DFL. Matokeo: 68 kwa 65. Mbele ya waandishi wa habari alibubujikwa na machozi. Kuna watu katika jamii yetu waliokasirishwa sana na kura ile, kwa sababu ndugu zao walipoteza bima, na hasira hiyo naielewa. Nami nauheshimu ukweli kwamba hakumtuma mwingine akabebe mzigo huo kwa niaba yake. Kiti chake kilijazwa Septemba 2025 kwa uchaguzi mdogo, akashinda Xp Lee wa DFL.

Nani anaweza kugombea?

Masharti ni machache. Uwe raia wa Marekani mwenye haki ya kupiga kura, umefikisha miaka 21, umeishi Minnesota mwaka mmoja, na umeishi ndani ya wilaya unayoigombea miezi sita kabla ya uchaguzi. Habari ya 40B imeonyesha kwamba sharti hilo la mwisho halichezewi. Ada ya kugombea ni dola 100. Asiyetaka kulipa anaweza kukusanya saini za wapiga kura.

Hakuna sharti la shahada. Hakuna sharti la kuwa umezaliwa Marekani. Hilo la kuzaliwa hapa ni la urais na makamu wake tu.

Kuna mtu wetu aliyewahi kuingia?

Wapo. Mwaka 2016 Ilhan Omar, aliyeishi miaka minne utotoni katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alimshinda kwenye mchujo wa chama Phyllis Kahn, aliyekuwa Barazani tangu miaka ya sabini. Akawa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Somalia kuingia bunge la jimbo lolote la Marekani. Alikaa kipindi kimoja, kisha akaenda Congress.

Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley alichaguliwa kuiwakilisha 38A, wilaya yenye sehemu kubwa ya Brooklyn Park. Ni mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Minnesota. Matokeo yalipotoka, simu zililia kuanzia Brooklyn Park hadi Nyamira.

Hawa hawakuwa wageni wa kwanza kuingia ukumbi ule. Wanawake wanne wa kwanza walichaguliwa mwaka 1922, na mmoja wao, Hannah Kempfer, aliletwa Minnesota akiwa mtoto kutoka Norway, akakulia kwenye umaskini. Mtu mweusi wa kwanza, John Francis Wheaton, alichaguliwa mwaka 1898, katika wilaya ambayo wapiga kura wake karibu wote walikuwa wazungu.

Mswada unapitaje?

Mwananchi analeta wazo. Mwakilishi akilikubali, analipeleka kwa ofisi ya wanasheria wa Bunge waliandike kisheria. Linapewa namba inayoanza na HF (House File, yaani mswada wa Baraza), linasomwa mara ya kwanza, linapelekwa kamati. Miswada mingi hufia hapo, kwenye kamati, kimya kimya, bila kupigiwa kura. Kwa hiyo ukitaka kuusaidia au kuuzuia mswada, wakati wa kufanya hivyo ni wakati wa kamati. Ukisubiri mpaka uonekane kwenye taarifa ya habari, umechelewa.

Ukitoka kamati unajadiliwa ukumbini, unapigiwa kura, unakwenda Seneti. Maneno yakitofautiana, kamati ya pamoja huyapatanisha. Kisha kwa gavana. Akiupinga kwa kura ya turufu, Baraza linahitaji theluthi mbili, yaani kura 90, na Seneti vivyo hivyo, ili kumshinda. Miswada ya kukopa fedha za ujenzi wa majengo na miundombinu huhitaji tatu ya tano, kura 81, kwa hiyo haipiti karibu kamwe bila vyama viwili kukaa meza moja.

Bunge hukaa mwaka mzima?

Hapana. Katiba inaruhusu siku 120 za kikao katika kila miaka miwili, na ni lazima wamalize Mei, Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu. Bajeti ya miaka miwili hupangwa mwaka wa namba witiri. Muda ukiisha kabla ya kazi, gavana anaweza kuitisha kikao maalum, kama ilivyokuwa Juni 2025.

Wanalipwa kiasi gani?

Zaidi kidogo ya dola 50,000 kwa mwaka, pamoja na posho. Tangu wananchi wapige kura ya kubadili katiba mwaka 2016, wabunge hawajipangii mshahara wenyewe. Kuna baraza la raia linalofanya hivyo. Wawakilishi wengi wana kazi nyingine: walimu, wakulima, wauguzi, mawakili.

Nani anachora mipaka ya wilaya?

Kisheria ni Bunge, baada ya kila sensa. Wakishindwa kukubaliana, mahakama huchora. Ndivyo ilivyotokea Februari 2022: jopo la majaji lilitoa ramani inayotumika sasa. Itabadilika baada ya sensa ya 2030. Sensa hairuki mtu kwa sababu si raia, kwa hiyo familia isiyojaza fomu inaupunguzia mtaa wake uzito kwa miaka kumi.

Mimi si raia. Baraza hili linanihusu nini?

Linakuhusu sana. Mwakilishi anawakilisha watu wote wa wilaya yake. Unaweza kumpigia simu, kumwandikia, kumtembelea ofisini, na kutoa ushahidi mbele ya kamati. Hakuna anayekuuliza uraia ili uzungumze. Unaandikia ofisi ya kamati kabla ya kikao, unataja namba ya mswada na jina lako, kisha unangoja zamu. Muda hupangwa, mara nyingi dakika mbili au tatu. Andika utakachosema, kisome kwa sauti nyumbani huku ukitazama saa, na anza na kisa chako: kazi unayofanya, wazee unaowahudumia, kilichotokea. Hoja za jumla wanazisikia kutwa nzima.

Jambo moja ulishike kwa mikono miwili: asiye raia asijiandikishe kupiga kura wala asipige kura, hata akipewa fomu na mtu mwema. Hata ukiwa unachukua leseni ya udereva, soma kila kisanduku kabla ya kutia alama. Kosa hilo linaweza kukufungia njia ya uraia na hata kukurudisha ulikotoka. Ukishatia alama pasipostahili, tafuta wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu nyingine yoyote.

Nimepata uraia. Nijiandikishe lini?

Leo, ukiweza. Ukichelewa, Minnesota inaruhusu kujiandikisha siku ile ile ya uchaguzi, hapo hapo kituoni, ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Usipokuwa na uthibitisho, mpiga kura wa kituo chako anayekufahamu anaweza kula kiapo kwamba unaishi hapo. Mmoja anaruhusiwa kuwashuhudia watu hadi wanane. Kupiga kura mapema huanza siku 46 kabla, jambo la heri kwa sisi tunaofanya kazi zamu mbili. Ukihitaji mkalimani, una haki ya kwenda na mtu wa kukusaidia, ila asiwe mwajiri wako wala kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi.

Na usidharau mchujo wa Agosti. Katika wilaya nyingi za mjini, anayeshinda mchujo ndiye amekwisha shinda. Ilhan Omar alimwondoa Kahn katika mchujo wa Agosti. Novemba ilikuwa kukamilisha tu.

Nitamjuaje mwakilishi wangu?

Tovuti ya Bunge la Minnesota ina sehemu ya kuandika anwani yako. Inakuonyesha mwakilishi, seneta, na namba zao za simu. Ukipiga, mara nyingi atapokea msaidizi wake. Mwambie jina lako na mtaa unaoishi kabla ya yote, maana wa kwanza kusikilizwa ni mtu wa wilaya.

Naweza kuwapeleka watoto wakaone?

Wapeleke. Jengo la Bunge pale Saint Paul lilifunguliwa mwaka 1905, mchoraji wake ni Cass Gilbert, na kuingia ni bure. Watoto hupenda farasi wanne wa dhahabu walio juu ya paa, na kwenye ziara za kuongozwa watu hupandishwa kuwaona karibu hali ya hewa ikiruhusu. Wakati wa kikao, kaeni roshani ya wageni juu ya ukumbi wa Baraza na mtazame ubao wa kura: kila jina liko pale, na taa ya kijani au nyekundu inawaka mbele yake. Tafuteni jina la mwakilishi wenu kabla kura haijaanza, kwa sababu ubao hubadilika upesi.